Mstari wa Mbuzi

Wanunuzi binafsi walipoanza kuigombania pamba ya Bariadi, kisha wakachoka kuigombania, Mayige aliing'oa yake yote pale kijijini kwao, ng'ambo ya Migato, akapanda zabibu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Zabibu, Usukumani! Lakini Mayige alikuwa amefanya vibarua katika mashamba ya Dodoma, miche aliibeba mwenyewe, na ardhi ikaikubali. Msimu wa tatu mizabibu ikafunga vichala, na waliokuwa wakicheka wakanyamaza.

Kunyamaza kwao ndiko kulikomtia hofu. Dodoma alifundishwa vizuri: mvua zikizidi, punguza majani yanayofunika vichala, upepo upite na jua liingie, la sivyo ukungu utakuja. Alilijua hilo kama anavyolijua jina la baba yake. Ila Dodoma hakuna aliyekuwa akimtazama. Hapa kila mpita njia angeviona vichala vilivyo wazi, na Mayige aliogopa jicho la mtu kuliko ukungu. Akayaacha majani yakashonana.

"Baba Sayi, punguza hayo majani," mkewe Jenipha alimwambia. "Humo chini pana fukuto kama chungu cha pombe."

"Wakiona, watatumaliza."

Waliokuja kuyapunguza ni mbuzi. Walikuwa wa shangazi yake, Milembe, bibi mjane aliyeishi upande wa pili wa uzio, macho yake mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe jikoni. Mbuzi walipenyeza shingo kwenye miiba ya uzio, wakanyoa majani ya mstari wa kwanza, zabibu changa kwa uchachu wake wakaziacha. Mayige aliwatandika, kisha akaenda kumfokea mwenyewe.

"Mbuzi hana akili, mwanangu," alisema Milembe, akimsogezea kigoda. "Kaa kwanza. Hata salamu, mwangaluka tu, hujaniambia."

Hakukaa.

Mvua ikanyesha wiki baada ya wiki. Mayige alipofunua majani, vichala vya ndani vilikuwa vimevaa ukungu wa kijivu, ukivigusa vinabomoka. Alilia, mtu mzima, magoti kwenye tope. Na badala ya kushika kisu cha kupogolea, akashika njia ya kwa mganga.

Mganga akamwuliza: nani amevuka uzio wako? Nani ana macho mekundu ya kichawi? Mayige akataja jina. Akalitaja tena kilabuni, kata ya pombe mkononi. Hakumgusa shangazi yake, hilo alilirudia baadaye kwa kila aliyekubali kumsikiliza. Siku ya gulio Milembe alikutwa mlangoni pake amekatwa mapanga, kigoda kimepinduka kando yake.

Polisi walikuja wakauliza, hakuna aliyeona kitu. Baada ya mazishi Mayige aliingia shambani kuing'oa mizabibu yote. Alianzia uzioni, kwenye mstari wa mbuzi, na hapo akasimama. Vichala vilikuwa vizima, vikavu, upepo ukipita katikati yake. Mistari mingine yote ilinuka siki. Alielewa papo hapo, akakaa chini.

Thomasi, jirani yake, alikuja kumpa pole. Alipoviona vile vichala akapiga makofi ya mshangao.

"Ngosha! Umeona? Yule bibi kaondoka tu, zabibu zimepona!"

"Ni mbuzi, Thomasi. Walikula majani, jua likaingia. Hizi nyingine nimeziozesha mimi. Na shangazi nimemuua mimi, kwa mdomo huu."

Thomasi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa akiweweseka. Akachuma zabibu moja, akaila, akatema mbegu.

"Tamu," alisema. Kisha akasogea karibu, akapunguza sauti. "Ndama wangu wanakufa, Mayige. Na macho ya mama mkwe wangu unayajua. Nielekeze kwa yule mganga."

Mayige alimshika mkono, akamsihi, akamlilia. Thomasi akajinasua taratibu, kwa heshima ya msiba, akaenda kumwuliza mtu mwingine.