Thamostati ya Kushoto

Juu ya mlango wa gereji yangu hapa steji ya Kawangware 56 kuna kibao: NYAMAI, DAKTARI WA DIZELI. Cheo hicho nilijipa mwenyewe, na rangi nikanunua mwenyewe. Chini ya kibao kulikuwa na waya mrefu niliotunga thamostati, moja kwa karibu kila gari lililopita mikononi mwangu. Thamostati ni kile kidude kinachozuia maji ya injini yasizunguke mpaka ipate joto. Fundi wa Nairobi akifungua injini, hicho ndicho kitu cha kwanza kutoa. Ukimuuliza sababu, atakuambia ni cha nchi za baridi. Nilifundishwa hivyo, nami nimewafundisha nusu ya mafundi wa steji hii, kwa sauti kubwa na bila kuombwa.

Mwaka jana mzee Gathogo, mwenye ploti iliyobeba gereji yangu, aliuza ploti zake mbili za mtaa wa Satellite akanunua boti ya starehe huko Dar es Salaam. Ilikuwa na injini mbili, vitanda vinne na friji. Alitaka ipelekwe Lamu ikakodishwe kwa watalii. Bahari yenyewe mzee alikuwa ameiona kwenye kalenda tu. Lakini ana matatu kumi na nne, zote nazitengeneza mimi, kwa hivyo alipotaka mtu wa kuangalia injini safarini, alikuja moja kwa moja gereji.

"Nyamai, hii kitu ya maji utaiweza?"

"Mzee, dizeli ni dizeli," nikamjibu huku nikijifuta mikono kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

Sijui kuogelea. Mto pekee niliowahi kuvuka kwa miguu kule kwetu Machakos ulikuwa umekauka.

"Kapteni nimepata," mzee akaendelea, "lakini ni mama. Anaitwa Filister, ametoka hapo Kibera, Soweto East. Ati ako na makaratasi yote. Nimemwambia hii safari ni ya kumjaribu. Boti ikifika bila kasoro, kazi ni yake. Ikifika na shida, asinipigie simu tena."

Jumapili kanisani waliniombea wakiniita Kapteni Nyamai. Nilikuwa na nafasi nzuri ya kuwasahihisha. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikapokea. Mke wangu Mwongeli akanifungia ndoo nzima ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, kana kwamba mahindi hayajawahi kufika pwani.

Filister nilimkuta bandarini Dar, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono migumu kuliko yangu.

"Niaje, Nyamai. Nimefurahi kuona mtu wa mtaa," alisema. Akanieleza alivyofanya kazi miaka kumi na miwili kwenye boti za watu, akisugua na kufunga kamba, ndipo akapata cheti. Hii ilikuwa boti ya kwanza aliyokabidhiwa usukani wake. Aliongea nayo kama mama anavyoongea na mtoto anayemwosha. Kisha akanishusha chumba cha injini, akanionyesha daftari lililofungwa ukutani kwa kamba, na biro yake.

"Hapa hakuna kufungua kitu kimya kimya. Ukigusa nati, unaandika. Ukitoa kitu, unaandika. Tukikwama huko nje hakuna steji ya kushukia. Hiyo daftari ndiyo itatuambia shida iko wapi."

"Sawa, Kapteni," nikasema. Moyoni niliudhika. Daktari wa Dizeli aandike kama mtoto wa darasa la tatu?

Alipoenda kushughulikia makaratasi ya bandari, nilibaki na injini mbili pacha, safi hata ungeweza kusongea ugali juu yake. Naapa mikono ilifanya yenyewe. Nati nne za injini ya kushoto, thamostati nje, mfukoni. Nilikuwa tayari naiona kwenye waya wangu, katikati kabisa, na watu wakiuliza hii kubwa ni ya gari gani. Nilikuwa nahamia ya kulia Filister aliporudi akaniita nikale chapati na maharagwe. Injini ya kulia iliokolewa na njaa yangu. Katika daftari sikuandika neno.

Mpaka Tanga tulienda polepole, kwa sababu Filister alikuwa anaizoea boti, na mimi nilikuwa nimekumbatia ndoo. Ilikuwa ndoo ileile ya muthokoi, ila sasa ilikuwa inajaa badala ya kupungua. Baada ya Tanga aliongeza mwendo. Haikupita nusu saa, mshale wa joto wa kushoto ukapanda na king'ora kikalia.

Filister alipunguza mwendo, akashuka mwenyewe. Alikagua chujio la maji ya bahari, pampu, mipira ya maji, kimoja baada ya kingine, na kila alichokigusa alikiandika. Vyote vilikuwa sawa. Tukienda polepole, joto linashuka. Tukiongeza mwendo, linapanda. Na ile ya kulia ilikuwa inanguruma kwa raha zake, haina habari.

Je, nilijua? Nilikataa kujua. Nilijiambia ni chumvi. Nilijiambia ni Watanzania walioitengeneza.

Tulipofunga kamba Mombasa, Filister alikaa na kitabu cha injini mapajani, akanisomea kwa Kiswahili chake: injini hii isiendeshwe bila thamostati, kwa maana maji yatapita njia ya mkato bila kupita kwenye kipoza.

Akainua macho. "Lakini hiyo iko, si ndio?"

Ilikuwa mfukoni mwangu, ikinichoma paja.

"Iko," nikasema.

Alinitazama kidogo, akaniamini. Mimi ndiye fundi. Akampigia mzee Gathogo kumweleza, na sauti ya mzee ikasikika boti nzima.

"Umechemsha injini yangu! Nilijua. Hizi vitu si za wamama!"

"Pole, mzee," alisema Filister. Alipoiweka simu chini alikifunga kitabu cha injini. "Labda ni mimi, Nyamai. Labda niliisukuma sana. Labda bado sijaiva."

Mimi ninayeweza kubishana tangu 56 mpaka katikati ya jiji bila kumeza mate, nilichukua kitambaa nikaanza kufuta kioo kilichokuwa safi. Gereji iko kwenye ploti ya Gathogo. Matatu ni za Gathogo. Na kile kibao nilikipaka kwa mkono wangu. Niliona aibu, nikaimeza pamoja na vidonge vya kichefuchefu.

Mombasa mpaka Lamu ilituchukua siku tatu za kutambaa. Filister hakuongea tena na boti yake. Alishika usukani kama mtu aliyeuazima.

Lamu tulimkuta mzee Gathogo amesimama gatini amevaa koti la suti na gambuti. Gambuti, kwenye jua lile! Hakusalimu. Alinyoosha mkono tu.

"Mama, funguo."

Filister alimpa bila kubisha. Begi lake alikuwa ameshalipanga. Akanigeukia akaniambia, "Asante kwa kunivumilia."

Hapo ndipo niliposhindwa. Angenitukana ningenyamaza mpaka leo, najijua. Lakini kunishukuru! Niliingiza mkono mfukoni, nikatoa kile kidude, nikakiinua.

"Mzee, si yeye. Ni mimi. Hii nilitoa Dar. Sikuandika, na aliponiuliza nikadanganya."

Filister aliichukua, akaigeuza mkononi.

"Siku nne," alisema polepole. "Siku nne najiuliza nimekosea wapi. Nilikuwa nashuka hapa na singeshika usukani tena. Na ilikuwa kwa mfuko yako."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Mzee Gathogo naye midomo ilikuwa ikimcheza. Nilifikiri anatafuta tusi.

"Nyamai. Hii kitu umetoa kwa gari zangu ngapi, hizi nagombeza madereva ati wamechemsha?"

"Zote, mzee." Nikahesabu vidoleni. "Na ile pikapu ya mama watoto wako."

Mzee alirudisha funguo kwa Filister akitazama pembeni. Filister hakwenda kwenye usukani kwanza. Alileta daftari na biro.

"Andika."

Niliandika pale gatini, wapagazi wakinitazama: Nyamai alitoa thamostati ya kushoto. Kapteni aliuliza, nikasema iko. Aliyasoma, akashuka akairudisha mwenyewe. Mimi niliruhusiwa kushika tochi. Kisha akaipeleka boti nje kwa mwendo wote na kurudi, akaandika daftarini kwamba mshale haukutikisika. Kutoka gatini nilimsikia akiongea nayo tena.

Siku hizi kibao changu kinasema NYAMAI tu. Nimekuwa nikizirudisha thamostati moja moja, za mzee kwanza, kisha za wengine, na kila moja naiandika kwenye daftari. Mafundi niliowafundisha wananicheka. Wananiita Kapteni.

Kwenye waya imebaki moja. Nimeuliza steji nzima, nimepekua kumbukumbu zangu mpaka kichwa kikauma, na sijui niliitoa kwenye gari la nani, maana sikuandika. Mahali fulani kuna dereva anayegombezwa kila jioni kwamba anachemsha injini ya watu, na huenda ameshaanza kuamini.