Kidonda cha Muundi

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alikuwa na kovu pana kwenye muundi, la tangu ujana wake, chuma cha moto kilipomwangukia. Kovu lenyewe halikuwahi kutulia. Lilipasuka, likafunga, likapasuka tena, naye akalizoea. Lakini mwaka ule liligoma kufunga. Likaota kinundu chenye kingo ngumu, likaanza kunuka.

Alikuwa mjane, akiishi na mwanawe na mkamwana wake aliyekuwa muuguzi. Kumwonyesha mwanawe aliona haya. Kumwonyesha mkamwana, hilo hata kuliwaza alishindwa. Akawa anavaa soksi mbili mbili na kujimwagia manukato, mpaka wajukuu wakamtania kwamba babu anatafuta mchumba.

Siku moja mwanawe akauliza ni nini kinachonuka sebuleni.

"Mtaro huo," fundi akajibu upesi. "Umeziba."

Mtaro ukafukuliwa. Ua mzima ukageuka matope, na yeye akasimama palepale akiwaelekeza vibarua pa kuchimba, huku akijua fika. Hawakukuta kitu.

Kesho yake mkamwana akabisha hodi chumbani kwake, akabaki mlangoni ameinamisha macho.

"Baba, si mtaro."

Fundi akavuta soksi zake juu.

"Harufu ile naijua, naikuta wodini. Ni kidonda. Niruhusu nikione."

"Wewe ni mkwe wangu."

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana sikusema mbele ya mtu."

Fundi akavua soksi, uso ameuelekeza ukutani. Mkamwana alikisafisha, akakifunga, akampeleka hospitali.

Kinyama kilikatwa kikapimwa: saratani ya ngozi.

"Mbona lilikuwa kovu tu?" fundi akauliza.

"Kovu lililowaka miaka yote," daktari akasema. "Pakiumia, chembe za kinga huja kupigana na vijidudu, kisha huondoka. Kwako hazikuondoka. Zimeendelea kuchokoza ngozi na kuihimiza iote, iote tu, mpaka chembe zake nyingine zikaharibika. Kinga ingeziua hizo, lakini mahali palipowaka muda mrefu hivyo, huacha kuzitambua. Ungekuja mapema tungekata kidogo tu."

Wakakata pakubwa, wakapaziba kwa ngozi ya paja. Tezi za kinena, ambako saratani ingeenea kwanza, zilikuwa safi. Mguu ukabaki, ila wa kuchechemea.

Mwanawe alikuja kumwona wodini. Fundi akamweleza yote, na habari ya mtaro pia, bila kumtazama.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Niliona haya."

"Mimi mwanao?"

Mwanawe akaketi ukingoni mwa kitanda, akalia. Fundi hakuwa amemwona akilia tangu walipomzika mama yake. Akavuta shuka mpaka kidevuni.