Taa za Kabatini

Mke wangu ndiye fundi mtandao. Mimi nina diploma ya utunzaji stoo, na siku hiyo kazi yangu ilikuwa kushika ngazi. Msinicheke, ngazi nayo inataka mwenyewe.

Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu aanze kujitegemea: kuunganisha kompyuta za zahanati, majibu ya maabara yafike kwa daktari bila mgonjwa kuzunguka na karatasi. Mganga mkuu alimwambia wazi, "Leo nakuja kukagua. Ikikubali, nakupa na jengo la wazazi. Ikigoma, naita mwingine."

Asubuhi ikakubali. Mke wangu akamwita mama yake aje aone. Mama mkwe akaja amevaa kama bibi harusi wa pili, akaonyeshwa kabati lenye kile kisanduku kinachopokea nyaya za vyumba vyote.

"Haya yote umefunga wewe, mwanangu?"

"Mimi, mama. Mkweo kashika ngazi."

Akanitupia jicho la pole.

Tukamwacha hapo, tukaenda kumwita mganga mkuu. Kurudi, balaa! Maabara wanatuma, kwa daktari haifiki kitu. Mapokezi kompyuta imeganda.

"Fundi, vipi tena?" mganga mkuu akauliza.

Mimi jasho likanitoka. Mwenzangu wala! Akasimama mbele ya kabati, hagusi kitu, anatazama taa tu.

"Kila tundu lina taa yake," akasema. "Kukiwa shwari zinapepesa ovyo ovyo, huyu akituma, yule akipokea. Sasa hivi zote zinapepesa kwa mkupuo. Kuna tangazo linazunguka humu."

"Linazungukaje?"

"Kisanduku kikipata tangazo, yaani ujumbe wa kompyuta zote, kinalitoa kwenye matundu yote mengine. Sasa waya mmoja ukiwa na ncha zote mbili humu humu, tangazo linatokea huku, linaingilia kule, nacho kinaliona jipya, kinalitoa tena. Ni kama umbea, daktari. Umeuanzisha wewe jikoni, unakurudia sebuleni, nawe unashangaa, 'Ala, kumbe!'"

Mganga mkuu akacheka bila kupenda.

Kidole cha mke wangu kikaufuata waya mfupi, ule aliojaribia kompyuta yake ya mkononi. Huku umechomekwa, na kule umechomekwa. Akachomoa ncha moja. Taa zikarudia kupepesa ovyo ovyo. Maabara wakatuma, na daktari akapaza sauti chumbani kwake, "Imefika!"

"Nani kauchomeka?" mganga mkuu akauliza.

Sote wawili tulishajua.

"Kosa langu," mke wangu akasema. "Niliacha kabati wazi."

"Lako kwa lipi?" Mama mkwe akadakia. "Ni mimi! Nimeona waya unaning'inia kama ulimi wa mbuzi, na tundu tupu liko pembeni. Nikasema, kazi nzuri hivi ya mwanangu, wageni waikute imekaa shaghalabaghala? Daktari, nifukuze mimi, mtoto mwachie kazi yake."

Mganga mkuu akamtazama, kisha akamgeukia fundi.

"Wengine wangezima na kuwasha mpaka jioni. Wewe umetazama taa tu. Kesho njoo upime jengo la wazazi."

Mama mkwe akaachia kigelegele, korido nzima ikaitikia. Nesi akatoka mbio. "Mama, hapa kuna wagonjwa!"

"Nao wapate habari," akajibu. "Aliyefunga ni mwanangu."