Kipande cha Mwisho

Kitabu kilikuwa kimoja, wasomaji wanne, na gundi yake ilikuwa imekwisha zamani. Bibi Miwani, karani mstaafu wa mahakama na mwenye kitabu, alisema alikisoma akiwa msichana na ameshakisahau chote, kwa hiyo heri kukigawana kuliko kukigombania. Basi Kinyozi akachukua wembe mpya akakikata vipande vinne juu ya kiti cha wateja, kwa uangalifu ambao vichwa vya watu havijawahi kuuona. Kila mmoja alisoma chake, na kila Jumapili alasiri, saluni ikiwa imefungwa, mmoja aliwasimulia wenzake. Akimaliza, lazima aseme kimemgusa wapi. Hapo hapakuwa na kukwepa.

Kipande cha nne kilimwangukia Fundi. Alikisoma Alhamisi kwenye cherehani yake, akimngoja mwenye gauni la harusi, na alipofika ukurasa wa mwisho alilia hadi akalisogeza gauni pembeni lisije likalowa. Yule kijana wa kitabuni aliyegombana na dada yake akaondoka nyumbani, ambaye walikuwa wakimfuata kwa majuma matatu, hakurudi. Alifia hospitali ya ugenini, na dada akapata habari baada ya miezi minane.

Kitabu kumliza mtu si ajabu. Kilichomnyima Fundi raha ni shoga yake, Mama Mikate. Huyu naye ana mdogo wake wa kiume aliyeondoka baada ya maneno makali, huu mwaka wa kumi na moja, na hawajasemezana tena. Binamu yao alimletea anwani tangu mwaka jana. Ameitia kwenye kopo tupu la hamira, na haandiki. Jumapili iliyopita, Kinyozi alipomaliza zamu yake, Mama Mikate, mwanamke anayeongea sana habari za unga na kidogo sana habari zake, alisema, "Huyu akirudi, na mimi nitaandika."

Sasa mwambie mtu kama huyo kwamba hakurudi.

Ijumaa Fundi alishona mkono wa kushoto wa gauni mahali pa ule wa kulia. Jumamosi akaufumua. Jumapili alikwenda saluni roho mkononi, kipande kikiwa ndani ya mkoba, akamkuta Mama Mikate amefika kabla ya wote, amevaa vizuri kama anayekwenda kumpokea mgeni, ameketi kwenye kiti cha kuzunguka wala hakizungushi.

Alianza vizuri. Alisimulia barua zilizopotea njiani, na dada anayefagia kila asubuhi chumba kisicholaliwa na mtu. Alipofika pale pa hospitali akamwona shoga yake kwenye kioo, ameinama mbele, na ulimi ukashika njia yake. Kijana akapona. Akapanda basi. Akabisha hodi asubuhi, dada akiwa anakanda unga. Hapo kwa kweli alizidisha chumvi, maana dada wa kitabuni alikuwa mpiga chapa. Kinyozi akajipiga paja, akasema yeye alijua tangu mwanzo, ingawa majuma mawili kabla aliapa kwamba kijana yule ni mwizi. Bibi Miwani, aliyekisahau kitabu chote, alimtazama Fundi juu ya miwani kwa muda mrefu kidogo.

"Na kimekugusa wapi?" Mama Mikate aliuliza.

"Hapo mlangoni," Fundi alijibu, akaona aibu mpaka masikioni.

Walipoinuka, Mama Mikate akaomba kipande, akasome kule kurudi kwa macho yake mwenyewe. Fundi akasema amekisahau nyumbani. Tangu wajuane, huo ulikuwa uongo wake wa pili kwa shoga yake, na wa kwanza ulikuwa na umri wa nusu saa tu.

Jumatatu alipiga moyo konde akaenda kwenye tanuri. Mikate ya kwanza ilikuwa imeshatoka, ya pili imo ndani, na wateja hawajaanza kuja. Alikiweka kipande mezani kando ya trei.

"Nilikudanganya, dada. Soma ukurasa wa mwisho."

Mama Mikate alifuta mikono akasoma amesimama, polepole, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena. Alipomaliza macho yalikuwa mekundu. Aliuliza kama Fundi alimdhania mtoto mdogo. Fundi akasema hapana, aliogopa tu kwamba hataandika.

Mama Mikate akatoa bahasha mfukoni mwa aproni, haijafungwa. Alikuwa ameandika jana ile ile, kurasa tatu, na sehemu kubwa ilikuwa ya kitabu kwa sababu mambo yao wenyewe alishindwa pa kuyaanzia. Alikuwa amemweleza mdogo wake kwamba yule kijana alirudi, akabisha hodi asubuhi.

Fundi alijisikia vibaya kuliko jana. Akasema waiandike upya, atamsaidia, aachwe yeye aonekane mwongo.

"Sifuti," Mama Mikate alisema. "Huyo wa kitabuni amekufa. Wangu hakuna aliyeniambia amekufa."

Alilamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa kidole gumba chenye unga. Kisha akamwambia Fundi aitoe mikate ikishaiva, akaenda posta na aproni yake.