Ukurasa wa Profesa Ngui

Kosa lilikuwa langu, si la mashine. Hilo nalisema mapema.

Mimi Namalwa nina duka la kuchapisha pale Ngara. Kazi yangu kubwa ni programu za mazishi, vile vijitabu vyenye picha ya marehemu, mshumaa na wasifu. Ivyne, binti yangu, shuleni husema tu kwamba mama ana biashara. Sawa.

Mwezi jana, Wakenya waliosoma chuo kimoja kikubwa cha binafsi huko Amerika wakaniletea kazi nyingine kabisa: kijitabu cha watu mashuhuri wa chuo chao, cha kugawa kwenye chakula cha mchana Kileleshwa. Kulikuwa na jaji, daktari wa moyo, mama mmoja anayechunguza nyota. Kurasa zao zilikuja zikiwa tayari. Ukurasa wa Profesa Ngui pekee ndio haukuja. Huyu ni mzee aliyefundisha hesabu huko miaka thelathini, sasa amestaafu na anafuga ng'ombe Mutuini.

Na ndiye angemhoji Ivyne baada ya chakula, maana Ivyne ameomba nafasi chuo hicho hicho. Neno la mzee lina uzito. Nikasema ukurasa huo naushika mwenyewe. Nilipewa mistari mitatu ya vyeo na tuzo, basi. Mimi sijui kuandika mtu hivyo. Nikampigia dada yake, Kavindu, nikamuuliza ninayouliza familia zote: baba ni nani, mama ni nani, yeye ni wa ngapi kuzaliwa.

Jumamosi saa sita vijitabu vilikuwa vimeshachukuliwa, na Ivyne ameshatoka na blauzi yangu ya kanisa. Nikaokota nakala iliyobaki kwa kaunta. Woi! Mshumaa. Njiwa. Chini ya picha ya mzee: "Jua lilichomoza 1949. Jua lilitua", kisha nafasi tupu. Nilikuwa nimemwandika kwa mpangilio ule ule wa programu za marehemu, mtu anayekunywa chai yake salama!

Nikampigia Ivyne. Simu imezimwa. Nikafunga duka, nikapanda boda nikimwomba Mungu kwa Kibukusu, maana Kiswahili kilikuwa kimenitoka. Ningemwambia nini mtoto? Kwamba amesoma usiku na mchana, halafu mama yake akamzika mwalimu?

Nilipofika watu walikuwa wamemaliza kula. Ivyne alikuwa ameketi mbele ya mzee, macho chini. Kijitabu kilikuwa mkononi mwa mzee, kimefunguliwa pale pale.

"Profesa, mimi ndiye nimechapisha," nikasema, hata salamu nimesahau. "Nisamehe. Mtoto hana makosa. Ni vile nimezoea maiti."

Haki, hayo ya mwisho yalinitoka tu.

Mzee akavua miwani. "Nani alikuambia jina la mama yangu?"

"Dada yako, Kavindu."

Akasoma polepole: "'Mtoto wa tano wa Kitavi na Kalekye. Vyondo alivyosuka Kalekye ndivyo vilivyomlipia karo.'" "Mama, nimeandikwa miaka arobaini. Huko wameniandika, hapa wameniandika. Hakuna hata mmoja amewahi kuuliza mama yangu ni nani." Akapangusa macho waziwazi. "Na hapo kwa kutua, asante sana kwa kuacha nafasi."

Meza nzima ikacheka.

Kisha akamgeukia Ivyne. "Haya, tuanze. Alama zako nimeziona, usinisomee. Mama yako ni nani?"

Ivyne akaniangalia, nywele zangu zimejaa vumbi, kofia ya boda bado kwapani. Nikangoja kusikia habari ya biashara.

"Ni huyu," akasema. "Anaitwa Namalwa. Anachapisha programu za mazishi Ngara, na hajawahi kuandika mtu bila kuuliza mama yake ni nani."

Mzee akatoa kalamu, akaanza kuandika. Mimi nikavuta kiti cha wenyewe, nikakaa, nikalia na kucheka pamoja. Kuna mtu akaniletea chai.