Jina Moja, Ndege Mbili

Wateja wa tiketi za ndege walimwita Mshona Safari, na jina hilo hakulipata bure. Ukimjia na nauli ya kubana, alikuungia ndege kwa ndege mpaka ukafika, hata kama ni kwa kupitia viwanja ambavyo hujawahi kuvisikia. Mwenye mgonjwa tu ndiye hakumshonea kitu. Huyo aliambiwa waziwazi apande ya moja kwa moja, la sivyo atashinda kwenye viti vya chuma akikodolea ubao macho. Alikuwa ameyasema hayo miaka mingi, kwa sauti ileile ya kuulizia mizigo.

Asubuhi hiyo mgonjwa alikuwa mama yake.

Aliyepiga simu kutoka hospitali ni mdogo wake, fundi majokofu. Alieleza kama anavyowaeleza wenye majokofu yaliyokufa, bila kuremba. Mama hapumui mwenyewe, anapumuliwa na mashine. Madaktari wamesema kilichobaki ni familia kukubali izimwe. Mtoto yeyote angeweza kutia saini, ila wajomba walikuwa wamekaa kikao wakaamua kwamba neno hilo ni la kifungua mimba, na atalisema akiwa amesimama pale kitandani. Nauli ya ndege ya moja kwa moja walishaichanga.

"Kwa hiyo ukifika tu, dada," alisema fundi, na hakumalizia.

Dada alikata simu, akavuta kibodi. Ndege ya moja kwa moja iliondoka usiku na kufika asubuhi. Ya kuunganisha, ya shirika hilohilo, iliondoka usiku huohuo, ikalaza abiria njiani na kufika kesho kutwa. Hii ya pili ilikuwa rahisi zaidi, lakini kwa mara ya kwanza katika kazi yake bei haikumwambia kitu. Alichokiona ni kwamba tiketi moja ilimwachia mama usiku mmoja tu, na nyingine ilimwongezea siku nzima. Hakulia. Alishika nafasi kwenye ya moja kwa moja, halafu akashika na kwenye ile nyingine, kwa jina lake lilelile, na hakulipia hata moja.

Kipanga, wa meza ya jirani, ambaye macho yake hayakuacha kupekua kioo cha kompyuta ya mwenzake, alicheka kidogo.

"Dada mkubwa, leo umekuwa pacha? Mmoja anawahi, mwingine anatalii."

Alimjibu kwamba ataifuta moja. Alijua kuliko Kipanga kwamba shirika halipendi jina moja likalie viti viwili siku moja. Kompyuta yao ikigundua, inavifuta vyote bila kumuuliza mtu. Kwa kosa hilo alishawafokea wateja chungu nzima. Akaendelea na kazi. Alimbadilishia tarehe mfanyabiashara mmoja, akawakatia maharusi tiketi za fungate, akaacha chai ikapoa. Kila alipozifungua nafasi zake mbili alizitazama, kisha akazifunga.

Jioni hazikuwepo. Zote zilikuwa zimefutwa, na ndege ya moja kwa moja ilikuwa imejaa. Kipanga akataka kumpigia mtu anayemjua kule kwenye shirika. Alimwambia asubiri. Alikuwa ameona mabega yake mwenyewe yameshuka, kama mtu aliyetua ndoo. Hakupenda alichokiona, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alimpigia fundi, akamweleza.

"Wewe?" alisema fundi. "Ungekuwa fundi wangu ningekufukuza leo." Kisha akauliza taratibu, "Ulishika mbili za nini, dada?"

"Sitaki kufika. Nikifika ndiyo wanazima."

Huko nyuma ya fundi kitanda cha magurudumu kilisikika kikipita.

"Mkono wake ni wa moto?" aliuliza dada.

"Wa moto. Na jokofu nalo ukiligusa nyuma ni la moto." Akashusha pumzi. "Nimeushika tangu jana. Mama hakungoji. Wanaokungoja ni wajomba."

Dada alitazama meza yake. Chai ilikuwa imefanya utando juu.

"Tia saini wewe," alisema. "Waambie neno nimelisema mimi, kwenye simu."

"Watanuna."

"Wanune. Mkono wake usiuachie mpaka waizime."

"Sawa." Fundi akaongeza, "Basi panda hiyo ya kulala njiani. Haraka yenyewe imekwisha. Kuzika tutakungoja."

Aliweka simu chini, akafungua upya ile ya kuunganisha. Viti vilikuwepo vingi. Alijaza jina lake mara moja, akalipia, na alipofika kwenye kuchagua kiti akajisikia akiuliza, kwa sauti ileile ya kila siku, "Dirishani au njiani?"

Kipanga aliinua kichwa, akatazama upande wa pili wa meza ambako wateja hukaa. Hakukuwa na mtu.

"Njiani, dada," alisema. "Ili usimruke mtu ukitaka kuinuka."

Akabonyeza njiani.