Somo la Ahabu Lililorukwa

Mchungaji alipanda mimbarani roho mkononi. Ratiba iliyobandikwa mlangoni wiki nzima ilisema leo lisomwe somo la shamba la Nabothi, lile aliloporwa na mfalme Ahabu. Na kwenye kiti cha mbele alikaa mzee wa kanisa, aliyemnyang'anya shemeji yake mjane kiwanja, macho makavu, mkono mfukoni. Vidole vya mchungaji vikaruka kurasa. Akasoma habari nyingine kabisa.

Ibada ilipokwisha, mzee akamdaka mlangoni.

"Mchungaji, umeruka somo." Mzee akachomoa mfukoni hati ya kiwanja. "Nilijiambia, nikisomewa tu, namrudishia shemeji leo leo." Akaikunja, akairudisha mfukoni. "Kumbe hata Mungu hana neno na mimi."